Kumi la mwisho likiangukia siku za giza ziwani

Mvuvi wa Kome:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Sisi tunaovua dagaa kwa taa tunaufuata mwezi miaka yote, kwa kuwa mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga na mitumbwi hupumzika. Hivyo katikati ya Ramadhani tunaswali tarawehe, zile swala za usiku za Ramadhani, msikitini bila shida. Likiingia kumi la mwisho, ambalo ndimo unamotafutwa usiku wa Lailatul Kadri, giza linarudi na tajiri anataka mtumbwi uwe majini. Je, anayekesha akivuta nyavu amezikosa fadhila za usiku huo?

Bint Kirumba:
Waalaykum salaam, kaka. Sura ya 97 inasema usiku huo ni bora kuliko miezi elfu, wala haikuutengea watu wa msikitini peke yao. Tena aya ya mwisho ya Surat al-Muzzammil inawataja wanaosafiri katika ardhi wakitafuta fadhila za Mwenyezi Mungu, pamoja na wagonjwa, kisha inaamrisha kisomwe kilicho chepesi katika Kurani. Bibi Aisha alipomuuliza Mtume (s.a.w.) aseme nini akiutambua usiku huo, alifundishwa dua fupi: "Allahumma innaka afuwwun tuhibbul afwa fa'fu annii", yaani kumwomba msamaha Mola anayependa kusamehe. Dua hiyo inasemeka mkiwa mmezunguka taa mnasubiri dagaa wapande, na kusubiri huko (nimelelewa mwaloni, ninakujua) ni kurefu kuliko kuvuta nyavu.

Msomaji wa Igoma:
Omba ruhusa usiku wa 27 tu, mengine yaache.

Mzee wa Nansio:
Mwanangu wa Igoma, tumeelekezwa kuutafuta katika siku za witri, yaani zisizogawanyika kwa mbili, za kumi la mwisho, na 27 ni mojawapo tu, ingawa wanazuoni wengi wanaipa uzito. Mimi mchana ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kukesha ni sunna, ilhali saumu na swala tano ni faradhi, na nimewaona vijana wengi wakirudi alfajiri, wakalala wakiwa wamefunga, wakaamka Adhuhuri imekwisha pita. Mvuvi ajipangie mtu wa kumwamsha. Daku aile humo humo mtumbwini kabla alfajiri haijapambazuka, na nia ya saumu aiweke usiku, kwani sisi wafuasi wa Imamu Shafi tunainuia kila siku peke yake.

Mvuvi wa Kome:
Nashukuru, mzee wangu. Na itikafu, ile ya kukaa msikitini kwa ibada, je? Baadhi ya siku tunarudi mapema upepo ukichafuka.

Mzee wa Nansio:
Katika madhehebu yetu itikafu haikuwekewa muda wa chini, ilimradi ukae msikitini kwa utulivu na kwa nia. Upepo ukikurudisha saa nane za usiku, oga, ingia msikitini, nuia itikafu na uswali mpaka wakati wa daku.