Yule kijana wa tiketi ananiambia mimi "Bibi, hii siyo nauli ya Kamanga"!

BibiWaMwaloni:

Naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukaruka mnisamehe. Nimerudi sasa hivi, hata khanga sijafungua, maji sijanywa.

Yule kijana wa tiketi za ndege hapa mjini Mwanza mnamjua nyote, msijifanye. Yule wa ofisi ya ghorofani, shati linambana mpaka vifungo vinaomba msaada, mezani kapanga vindege vya plastiki kama vile hizo za kweli anazimiliki yeye. Huyo huyo.

Nilikwenda na mjukuu wangu, ana miaka 4. Tangu mwezi wa kwanza nadunduliza, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba toka alfajiri, mvua yangu jua langu, nimpeleke Zanzibar mwezi wa sita, masika yakishaisha na chekechea wamefunga. Huyu mtoto aliona picha ya wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, wale ambao asili yao ni Shelisheli, na tangu siku hiyo nyumba haina amani. Asubuhi kobe, usiku kobe. Leo namvalisha viatu nakuta kwenye kibegi chake kaweka mchicha, kaufunga na uzi wa kushonea, eti wa kumlishia kobe. Nikamwacha nao.

Tumefika, nimesalimia, hakuitikia. Nikauliza mambo mawili tu. Mtoto wa miaka 4 analipa nusu au kamili? Na je, niende Dar kwa ndege halafu boti, au niunganishe ndege mpaka Zanzibar kwenyewe? Basi. Sikumuuliza siri za serikali.

Kanitazama kuanzia kandambili mpaka kilemba. Kabonyezabonyeza kalkuleta yake, kaigeuza kunielekea, halafu kwa sauti ambayo hata samaki wa kisiwa cha Ukara wameisikia akasema: "Bibi, hii siyo nauli ya Kamanga."

Bibi, hii siyo nauli ya Kamanga!

Kama vile nimekuja kukata tiketi ya feri ya kuvukia kwenda Sengerema! Ofisi nzima ikacheka. Kuna mmoja kwenye benchi alicheka mpaka akapaliwa. Na pesa ninayo! Ninayo kwenye pindo la khanga, nimeihesabu mara tatu kabla ya kutoka nyumbani. Hakuniuliza kama ninayo. Aliangalia kandambili, akapata jibu.

Kamanga mimi nimevuka kabla baba yake hajaota ndevu. Nimevuka na magunia, nimevuka na mgonjwa, nimevuka nikiwa na mimba ya mama yake huyu mjukuu. Kamanga sina aibu nayo hata kidogo. Lakini alivyoitamka yule mtoto, kama vile nimeletwa na maji nikakwama mlangoni kwake.

Tumepanda daladala, mjukuu kimya. Tumefika Kirumba ndiyo ananiuliza: "Bibi, Kamanga kuna kobe?"

Siyo nauli ya Kamanga. Mimi!

Furu_Mkavu:

Mwadila mayu. Pole sana. Huyo kijana sote tunamjua. Mjomba wangu alimuuliza kama mfuko wa sandarusi unaruhusiwa kwenye ndege, akajibiwa "labda uuvae." Mjomba alikwenda na basi kwa hasira.

Sangara wa Kilo Moja:

Ila bi mkubwa, kule ulinyamaza, kulia unakuja kulia huku. Ungemtupia hela mezani na kumwambia kata tiketi, maneno yangeishia hapo.

BibiWaMwaloni:

Nani kasema nilinyamaza? Nilimuuliza, "Mwanangu, mama yako yupo hai?" Akasema yupo. Nikamwambia msalimie sana. Nikamshika mjukuu mkono tukatoka. Na hela simtupii mtu mezani, sikulelewa hivyo.

Kapripoint2:

Nimekaa hapa nasoma 😂 Tuseme ukweli lakini, mtoto wa miaka 4 Zanzibar atakumbuka nini? Mpeleke Saanane. Boti dakika chache kutoka Capri Point, kuna pimbi, swala, tumbili, jioni umesharudi unasonga ugali wako. Kijana alikukosea adabu, ila kihesabu alikuwa anakuhurumia.

BibiWaMwaloni:

Saanane kashakwenda mara mbili, pimbi anawajua kama majirani zake. Mimi kile kisiwa nakijua tangu kikiwa bustani ya wanyama, hata hakijawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kwa hiyo usinifundishe. Huruma gani inayosemwa kwa sauti ya mnada? Angetaka kunihurumia angeninong'oneza. Aligeuza kalkuleta! Aliigeuza kabisa, taratibu, kama anafunua jeneza.

MkereweHalisi:

Hapa sasa ndipo mnaponikera. Watu wa Mwanza mkisikia kisiwa, akili zinaruka mpaka Bahari ya Hindi. Ukerewe hamuioni? Kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya ziwa hili, na hakuna kingine cha ziwani Afrika nzima kinachokifikia. Meli masaa kama matatu uko Nansio. Kuna ikulu ya chifu pale Bukindo, kuna machungwa na maembe mpaka yanaozea chini. Mgeni akitoka Ujerumani anakuja na kamera, nyinyi mliopo hapa pua na mdomo mnapanda ndege kwenda kuangalia kobe.

Binti Igoma:

Mtoto wa miaka 4 kwenye maji ya ziwa na kichocho kile? Arudi na tumbo kama ngoma? Endelea kutangaza.

MkereweHalisi:

Kichocho hata hapo mjini kwenye miamba yenu kipo, na watoto wenu wanaoga kila siku. Nani kasema akaogelee? Akale maembe.

Konda Mstaafu:

Bibi shikamoo. Ngoja nijibu ulichouliza maana hawa wanabishana tu.

Mtoto chini ya miaka 2 anapakatwa, analipa kidogo sana, kama sehemu ya kumi. Kuanzia miaka 2 mpaka 11 anakaa kwenye kiti chake na ana nauli ya mtoto. Inapungua, ila usitegemee itakuwa nusu kamili, kila ndege na utaratibu wake. Beba cheti chake cha kuzaliwa, na kwa kuwa wewe ni bibi, chukua na barua ya wazazi wake, haina gharama.

Kama ndege inauma, panda basi mpaka Dodoma, mlale, kesho yake treni ya SGR mpaka Dar, halafu boti kama masaa mawili. Mjukuu anaweza kusahau kobe kwa ajili ya hiyo treni. Kwenye boti kaa katikati, chini, usikae mbele. Mwezi wa sita kusi inavuma na mtoto atatapika. Tangawizi mkononi na mfuko mkononi.

Na jambo moja ambalo sisi wabara tunalisahau: kule maji yanakupwa na kujaa, si kama ziwa. Paje na Jambiani yakikupwa bahari inakwenda mbali, unaikuta kwa kutembea, mtoto atalia anataka maji. Nungwi na Kendwa hayaendi mbali hivyo. Ukienda Paje muulize mwenyeji maji yanajaa saa ngapi ndipo umvalishe nguo ya kuogea, na mvalishe viatu, kuna wadudu wa miiba.

BibiWaMwaloni:

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Mmeona? Kaandika akiwa kwake, hanijui, hajaona kandambili zangu, na kajibu kila kitu. Ndicho nilichokiuliza! Yule alikuwa nimekaa mbele yake, kalkuleta mkononi, na bado jibu alilonipa ni Kamanga.

Sangara wa Kilo Moja:

Kwani Kamanga siku hizi ni shilingi ngapi? Nauliza kwa nia njema.

Furu_Mkavu:

Mimi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 sijakanyaga feri. Kilomita tatu za zege, unapita bila kusubiri mtu.

Kapripoint2:

Unazunguka mpaka Usagara ndiyo ulishike daraja, halafu unasema huna haja ya feri? Mtu wa Sengerema anayekuja mjini na begi moja anavuka Kamanga, anashuka katikati ya mji. Hesabu mafuta ndugu.

Furu_Mkavu:

Hesabu na foleni basi. Na jua. Na yule mtu wa mizigo kule kwenye feri fulani, nisiitaje, mnaijua, aliyenitoza jogoo. Jogoo mmoja! Nimembeba kwapani, hajakanyaga sakafu, eti mzigo. Nikamwambia huyu ni abiria, mtoze nauli ya mtoto. Akaita mwenzake waje kumtazama jogoo.

Binti Igoma:

Mimi walinitoza godoro la mtoto. La inchi tatu.

MkereweHalisi:

Nyinyi mnalia na jogoo. Mimi nilipeleka maembe ndoo mbili kutoka Nansio, kushuka Mwanza nakuta ndoo moja ina maganda na kokwa. Mtu kakaa humo melini masaa matatu anakula maembe yangu taratibu, na kokwa karudisha ndani ya ndoo.

Kapripoint2:

Huyo ana adabu, hakutupa ziwani.

BibiWaMwaloni:

Jamani uzi ni wa yule kijana. Mchicha wenyewe umenyauka. Mtoto kautoa kwenye begi, kauweka kwenye kikombe cha maji dirishani, anasema kesho tutarudi kwa yule kaka atuambie vizuri. Anadhani yule hakusikia swali. Sasa mimi nimjibu nini?

Konda Mstaafu:

Usirudi kwake bibi. Ofisi za tiketi ziko nyingi, nenda nyingine, na mtoto akae mbele.

Sangara wa Kilo Moja:

@Furu_Mkavu huyo jogoo alikuwa na kilo ngapi lakini?

Furu_Mkavu:

Kuku wa kienyeji, kilo mbili haifiki. Na risiti ninayo mpaka leo, imeandikwa "kuku mkubwa."

Binti Igoma:

Weka picha ya risiti.