Reli ya ngazi imeng'oka, mpangaji kavunjika mkono: mwenye nyumba anawajibika?

Mpangaji_Eastlands
Wakuu, naomba mwongozo. Ni ghorofa ya nne Nairobi, ngazi ya pamoja. Mpangaji alikuwa akishuka na ndoo ya maji, reli ikang'oka, akaporomoka na kuvunjika kifundo cha mkono. Keateka (mwangalizi wa jengo) alishaambiwa kwenye WhatsApp ya ploti kuwa reli inayumba. Mwenye nyumba ametuma 15,000 "za dawa" pamoja na karatasi ya kusaini, na anasema mkataba una kifungu kuwa kila mtu anaishi kwa hatari yake. Kuna kesi hapo?

Wakili_Pembeni
Kwanza, asisaini. Karatasi za aina hiyo huwa ni za kufunga madai: ukishatia sahihi, hizo 15,000 ndizo fidia yote, hata mkono ukija kuhitaji upasuaji.

Sura ya 34 ya sheria za Kenya (Occupiers' Liability Act, kuhusu wajibu kwa wanaoingia mahali) humtazama anayedhibiti mahali penyewe. Ndani ya nyumba, mwenye udhibiti ni mpangaji. Ngazi, korido, paa na tangi la maji hubaki mikononi mwa mwenye nyumba. Juu ya hapo, kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamtaka atunze sehemu za pamoja hata kama mkataba haukutaja.

Hicho kifungu cha "hatari yake" msikidharau, maana sheria inaruhusu wajibu kupunguzwa kwa makubaliano. Ila mahakama hukisoma kwa jicho kali dhidi ya aliyekiandika, na hakimfungi mgeni ambaye hakuwa sehemu ya mkataba.

Pigo mtakalolitarajia ni la ndoo: "alijua reli mbovu na bado akabeba mzigo." Hakimu anaweza kugawa lawama. Akimpa mpangaji asilimia 30, fidia ya 400,000 inashuka hadi 280,000.

Muda ni miaka 3 tangu ajali. Kama nyumba ni ya serikali kuu, ni miezi 12 tu, na wengi hukwama hapo.

Fundi_Chuma
Kabla hamjaenda popote, piga picha LEO. Kesho utakuta imechomelewa na kupakwa rangi.

Angalia pale ilipokatikia. Kutu nyekundu ikiwa imeenea uso wote wa mkato, ufa ulikuwepo zamani. Chuma kikiwa cheupe kinang'aa, kimekatika siku hiyohiyo. Reli za ploti huoza chini kabisa, nguzo inapokutana na sakafu, kwa sababu maji ya kupiga deki hutuama hapo. Makosa mengine ni boliti iliyoshika plasta badala ya zege, au iliyotobolewa karibu mno na ukingo hadi zege likapasuka. Weka futi ya kupimia kwenye picha: kimo cha reli kutoka ukingo wa kipandio, na nafasi kati ya fito. Ikizidi sentimita 10, mtoto anaweza kupenyeza mwili. Kile kipande kilichong'oka, mkikipata, kihifadhini.

Ajenti_wa_Nyumba
Mwenye nyumba atasema reli ilitengenezwa na fundi wa nje. Huo ni utetezi halali akionyesha alichagua fundi anayeijua kazi na kuikagua. Ila kama keateka aliambiwa inayumba kisha akanyamaza, sioni ataponea wapi, kwa sababu keateka ni mtu wake.

Hakikisheni pia mnamshtaki mtu sahihi. Jina la paybill ya kodi mara nyingi ni la ajenti. Fanyeni upekuzi wa hati ya ardhi. Mmiliki akiwa kampuni, chukueni CR12 (hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa) kupitia eCitizen.

Mpangaji_Eastlands
Asanteni. Ile WhatsApp inatosha kama ushahidi? Na gharama za hospitali?

Wakili_Pembeni
Msikate vipande vya picha za skrini. Toeni mazungumzo yote, tarehe na namba zikionekana, na mwenye simu atie sahihi cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza rekodi hiyo ya kielektroniki ilivyotolewa. Bila cheti hicho, upande wa pili utapinga.

Gharama lazima zitajwe kwenye hati ya madai kwa kiasi kamili na kuthibitishwa kwa risiti: dawa, eksirei, plasta, hata teksi. Maumivu hudaiwa kando, kwa ripoti ya daktari. Jumla isipozidi milioni 1, pelekeni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Andikeni barua ya madai kwanza, na muulize kama jengo lina bima ya dhima kwa umma, yaani inayolipa watu wanaoumia humo. Likiwa nayo, mazungumzo yatahamia kwa kampuni ya bima, na huko hakuna "za dawa".