Mtaa mwembamba: mwashoki, mwarobaini au mkrismasi?

Binti_Tabata: Wakuu, salaam. Mtaani kwetu tumechanga hela, Jumamosi tunafuata miche ya kupanda kando ya barabara. Kamati imegawanyika: mwarobaini, mwashoki au mkrismasi. Mnashauri upi? Tunataka kivuli.

Mzee wa Miche: Barabara ina upana gani? Nyaya za umeme zimepita upande upi? Bomba la maji je? Bila hayo tunapiga ramli.

DogoK: Mwashoki, funga mjadala. Unakwenda juu tu, haujitanui, kijani mwaka mzima.

Pwani Tulivu: Kivuli cha mwashoki chamtosha mtu mmoja, tena awe mwembamba. Sisi Mombasa twapanda mkilifi, ndio huo mwarobaini wenu. Ukame wala hauutishi.

Mama Wawili: Mimi nilipanda fikasi nje ya geti, niliuziwa kamche ka kwenye kopo. Miaka mitatu ya kwanza raha tupu, hata bodaboda wakahamia pale kijiweni. Mwaka wa sita choo kikaanza kurudisha maji. Fundi akafungua chemba, akatoa mizizi kama nywele za mtu, ndoo mbili. Tukazibua, baada ya miezi ikarudi. Ukuta nao ukapata ufa unaopitisha kidole. Kuukata ikawa kazi nyingine, maana matawi yalishaingia kwenye nyaya, ikabidi umeme uzimwe kwanza. Kisiki bado kipo, kinachipua.

Binti_Tabata: Pole mama. Barabara ni kama mita 5, nguzo ziko kushoto. Kutoka ukuta hadi barabara imebaki mita moja hivi. Kulia kuna mtaro.

Mzee wa Miche: Ungeanza na hilo! Kwa mita moja mwarobaini sahau. Mkrismasi ndiyo kabisa: mizizi inatambaa juujuu, inainua lami, na matawi yanakatika kwa upepo. Maua ya Desemba yasikudanganye. Chini ya nyaya weka mifupi, mkomamanga au mstafeli. Kulia mwashoki, mbali na mtaro.

DogoK: Mstafeli barabarani? Watoto watayapopoa mabichi, madirisha yaanze kulia.

Pwani Tulivu: Mwaudharau mwarobaini na unatibu maradhi 40!

DogoK: Yataje kumi tu.

Mama Wawili: Bibi alituogeshea majani yake tulipougua tetekuwanga. Kuwasha kulipungua.

DogoK: Sawa, ila homa ikipanda nenda kapime malaria, usichemshe majani.

Pwani Tulivu: Nani kataja malaria hapa?

Binti_Tabata: Jamani, miche! Mwenyekiti sasa anasema anataka minazi.

Mama Wawili: Minazi! Nazi ikimdondokea mpita njia kichwani, atalipa yeye?

Mzee wa Miche: Na mpaka vuli ije, zamu ya kumwagilia ni ya nani?