Naomba ushauri: mkaa wa bustani na mchwa kwenye matandazo

Habari zenu wakulima wenzangu. Nina bustani ya mchicha na nyanya Mkuranga, udongo kichanga mtupu, maji hayakai. Ili nipate mkaa wa kuchanganya na udongo ushike maji, nimechoma magunzi na vifuu vya nazi shimoni, nikazima kwa maji kabla havijawa majivu. Mkaa umetoka mwepesi, ukiuvunja unalia kama kigae. Sasa nimeuloweka kwenye maji ya samadi ya mbuzi, maana ukiwekwa mtupu hunyonya naitrojeni (chakula cha mimea) ya udongo na mboga huwa njano.

Je, uloweke muda gani kabla ya kuchanganya na udongo?

Pili, nyasi kavu nilizotandaza zimeleta mchwa, wanakata hadi miche. Nilinyunyiza majivu, mvua ikayasomba. Nitandaze nini badala yake? Dawa za dukani sitaki, mboga hizi tunakula wenyewe.