Stromatoliti: tunajuaje kwamba matabaka yake yalijengwa na viumbe hai?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nimesoma kwamba stromatoliti ni miamba ya matabaka membamba iliyojengwa na vijiumbe vya kale. Kinachonitatiza ni kwamba matope yakituama chini ya maji nayo hufanya matabaka bila msaada wa kiumbe chochote. Wanajiolojia hutofautishaje, hasa pale ambapo jiwe halina mabaki ya kiumbe yanayoonekana?

Jibu la kwanza
Tuanze na ujenzi wenyewe. Sianobakteria, ambao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, huishi wameshikamana kama utando wenye ute katika maji ya kina kifupi. Chembe za mchanga hunaswa na ute huo, na kwa kuwa bakteria hufyonza kaboni dioksaidi iliyomo majini, chokaa hujitenga na kuganda palepale. Utando ukifunikwa, bakteria hupanda kuufuata mwanga na kuanza utando mpya, na ule wa chini hubaki kuwa jiwe. Ndiyo maana mara nyingi tabaka huwa nene kileleni mwa kinundu kuliko ubavuni, ilhali matope yanayozama kwa uzito wake hujaza mabonde kwanza. Kwangu mimi hiyo ni dalili nzito sana.

Jibu la pili
Naafiki, ila umbo peke yake halitoshi. Mwaka 2016 watafiti walitangaza stromatoliti za miaka bilioni 3.7 huko Isua, Greenland. Mwaka 2018 wengine wakaeleza kuwa maumbo yale yangeweza kutokana na mwamba kukunjwa na kubanwa ardhini. Zile za Strelley Pool, katika eneo la Pilbara, Australia Magharibi, zenye umri wa takriban miaka bilioni 3.43, zina hoja imara zaidi, kwa sababu mwamba wake haukuvurugwa kiasi hicho, na aina zake mbalimbali za maumbo hubadilika kulingana na mazingira ya maji zilimokulia.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Je, zipo zinazokua hadi leo, ili mtu alinganishe?

Jibu la kwanza
Zipo Hamelin Pool, katika ghuba ya Shark Bay, Australia Magharibi, ambako maji yana chumvi karibu mara mbili ya bahari ya kawaida, hivyo konokono na walaji wengine wa utando ni wachache. Hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Ulinganisho huo, hata hivyo, ufanywe kwa uangalifu: hizi za leo hutegemea sana chembe zilizonaswa, ilhali nyingi za kale zilijengwa zaidi na chokaa iliyoganda papo hapo, kwa hiyo matabaka yake ni membamba na yenye mpangilio zaidi.