Bumu (pesa ya mkopo wa chuo) lilianza lini? Wazee wetu walisoma bure

Mkatwaji: Wakubwa, shikamooni. Baba alisoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) miaka ya 80, deni halijui. Mimi nakatwa 15% ya mshahara kila mwezi kulipa mkopo wa chuo. Mambo yaligeuka lini?

Mzee wa Reli: Marahaba mwanangu. Sisi serikali ilitulipia ada, chakula, malazi, hata nauli. Niliingia 1983 kutoka Tabora kwa waranti ya treni, ile hati ya kusafiria iliyolipiwa na serikali. Moja ninayo hadi leo, maana siku ile nilipitiwa na usingizi treni ikaniacha! Imekuwa ya njano, muhuri bado unasomeka. Uchangiaji gharama ukaja miaka ya 90, wanafunzi wakagoma weee. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004, ikaanza kazi Julai 2005.

Dada Hesabu: Na hiyo 15% ni ya marekebisho ya 2016, mwanzo ilikuwa 8%. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ndiyo ilikuwa inavimbisha deni, Rais Samia aliifuta 2021. Kachungulie taarifa ya deni lako.

Mkatwaji: Asante dada. Mzee, hiyo waranti tupigie picha basi.

Mzee wa Reli: Ngoja mjukuu arudi kutoka shule, simu anaijua yeye.