Ushauri: Flashi ya Linux haionekani kwenye kompyuta mseto ya Atom Z3735F

Mwalimu wa Kihonda
Wakuu, habari za kazi. Nina kompyuta mseto ya inchi 10, ile ambayo kioo chake huchomolewa kikawa kishikwambi, yenye prosesa ya Intel Atom Z3735F, memori ya GB 2 na hifadhi ya eMMC ya GB 32. Windows iliyokuja nayo imeijaza hifadhi hiyo kiasi kwamba haiwezi tena kujisasisha, kwa hiyo ninakusudia kuweka Xubuntu 22.04, aina nyepesi ya Linux, ili wanafunzi waandikie kazi zao. Flashi niliyoiandaa inawasha kompyuta ya mezani bila shida, lakini kwenye mashine hii haionekani kabisa katika menyu ya kuwashia, ingawa nimekwisha kuzima Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyoidhinishwa kuwaka. Windows inaeleza kwamba mfumo ni wa biti 32 na prosesa ni ya biti 64. Nifanyeje?

Chuma Chakavu
Weka mfumo wa biti 32, mkuu. Kwa memori ya GB 2 hutapoteza chochote.

Nahodha wa Terminali
Ninatofautiana na ndugu hapo juu. Prosesa hiyo ni ya biti 64 kamili. Kilicho cha biti 32 ni fimwea ya UEFI, yaani programu ya ndani ya mashine inayouanzisha mfumo, ambayo huitafuta faili iitwayo bootia32.efi ndani ya folda ya EFI/BOOT, na kwa kuwa flashi yako ina bootx64.efi peke yake, mashine huiruka kana kwamba ni tupu. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, imeweza kufanya kazi katika biti 64 juu ya fimwea ya biti 32 tangu toleo la 3.15 la mwaka 2014, na Debian, aina nyingine ya Linux, ililishughulikia jambo hili katika kisakinishi chake kuanzia toleo la 8. Njia ya biti 32 inazidi kufungwa: Debian 13, iliyotoka mwaka 2025, haina tena kisakinishi cha aina hiyo.

Chukua Debian 12 ya amd64, yaani ya biti 64, na kabla ya kuwasha hakikisha bootia32.efi imo kwenye flashi. Ukishaingia, soma faili /sys/firmware/efi/fw_platform_size. Ikijibu 32, basi kifurushi cha GRUB, programu inayoipakia Linux mashine inapowaka, kinachotakiwa ni grub-efi-ia32, la sivyo usakinishaji utakamilika vizuri na mashine isiwake.

Bi Kerneli
Nyongeza moja, nayo ni ya kufanywa kabla hujafuta kitu. Vishikwambi vingi vya kizazi hicho hutumia kioo cha mguso cha Silead, ambacho fimwea yake hupatikana ndani ya draiva ya Windows na hutofautiana kati ya modeli na modeli. Nakili folda yote ya draiva kwenye flashi nyingine, maana ukiifuta huenda usiipate tena popote. Leseni ya Windows isikutie hofu, kwa kawaida ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya fimwea ya mashine.

Mwalimu wa Kihonda
Ninawashukuru sana. Draiva nimezinakili, Debian imewaka, na faili ile ilijibu 32 kama ilivyoelezwa. Wi-Fi ni ya RTL8723BS na imekubali baada ya kuongeza kifurushi cha firmware-realtek kwa kutumia intaneti ya simu kupitia waya. Yamebaki mawili: hakuna sauti, na mara nyingine mashine huganda kabisa hata kipanya kisisogee.

Nahodha wa Terminali
Kuganda ni ugonjwa wa zamani wa prosesa za Bay Trail, kizazi cha hiyo yako, zinapoingia katika usingizi mzito. Ongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT katika /etc/default/grub, kisha endesha update-grub. Betri itaisha mapema zaidi, kwa hiyo kama haigandi mara kwa mara ningeiacha ilivyo. Kuhusu sauti, hakikisha alsa-ucm-conf, kifurushi cha mipangilio ya sauti, imewekwa, uwashe upya, kisha utuwekee hapa matokeo ya amri aplay -l, inayoorodhesha vifaa vya sauti.